Kizibo Alichokitupa Hamid

Kizibuo, msokoto wa chuma wa kuchomolea vizibo, kilikuwa baridi kama kimetoka kwenye friji, na Hamid alikuwa amekianika juani tangu asubuhi. Hakujali. Mtu ambaye hajaonja ulevi maisha yake, lakini nyumba yake ya Mji Mkongwe ina ukuta mzima wa vizibuo vya mfukoni vya kizamani, huyo vituko ameshavizoea. Hiki alikikuta kimekwama kwenye kizibo cha chupa nyeusi waliyoifukua mafundi wa ujenzi hapo jirani. Alikizungusha, kizibo kikachomoka kwa mlio wa mtu anayevuta pumzi. Chupa na kizibo akavitupa jaani. Yeye alitaka kizibuo tu.

Adhuhuri nyumba ikanuka damu ya samaki. Mkewe, Rahila, alikuwa akikuna nazi.

"Hamid, nani anazungusha kitu ukutani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Kabla hajajibiwa, shingo yake ikageuka, ikageuka kupita inavyoweza shingo ya mtu, akakirukia kizibuo, akamchoma nacho mumewe begani, akakizungusha ndani ya nyama huku akicheka kwa sauti nzito ya kiume, na kila Hamid alipopiga kelele ncha ikazidi kuzama, mpaka damu ikachuruzika kwenye nazi.

Mganga, Bi Kidawa, alimkuta Rahila kafungwa kwa kanga, mkono wa kushoto ukijisokota wenyewe mpaka mfupa ukalia.

"Shikamoo, Bi Kidawa," alisema Hamid, damu ikimtoka.

"Marahaba. Huyu jini katoka chupani. Kizibo chake kiko wapi?"

"Nshakitupa."

"Basi hana pa kurudi. Mkeo hafiki magharibi."

Hamid alimpenda Rahila kuliko ukuta ule wote, na hapo ndipo alipolijua hilo.

"Huyo jini mtie kwangu," alinong'ona.

"Mdomo wako ndio utakuwa kizibo. Usiufungue mpaka nirudi na chupa nyingine ya kumtia."

Bi Kidawa akasoma. Kitu cha baridi kikamshuka Hamid kooni kikimpasua, taya zikajifunga, meno mawili yakavunjika. Bi Kidawa akamfungua Rahila kanga, akatoka mbio.

Rahila akazinduka, hakumbuki kitu. Akamwona mumewe ana jeraha begani, taya zimekaza, machozi yanamtoka.

"Masikini, umechomwa na chuma. Hiyo pepopunda. Lazima unywe maji."

Hamid akatikisa kichwa. Alitaka kumzuia, lakini mikono ikakataa kuinuka. Aliyemo ndani alikuwa ameishika.

"Usiogope, mume wangu. Ntakufungua taratibu."

Akaokota kizibuo sakafuni, akapenyeza ncha katikati ya meno, akaanza kuzungusha.