Asilimia Nne za Betri

Asilimia nne.

Akonkwa aliitazama ile namba nyekundu kwenye pikipiki yake ya umeme, halafu akaitazama Land Cruiser nyeupe iliyokuwa inamkimbia kwenye vumbi la barabara ya Sake.

Ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na nane asubuhi.

Ofisi ya ujasusi ilimkabidhi pikipiki hiyo kwa majivuno makubwa. Haina kelele, haina moshi, adui hasikii kitu. Walikuwa wamefikiria yote, isipokuwa jambo moja dogo: itachajiwa wapi?

Redio ya Motorola ikakohoa sikioni.

"Kumi na Moja, uko wapi?"

Huyo alikuwa Émérance, mpokea-redio wa Ofisi. Miaka minane wamesemeshana kila siku, na hajawahi kumwona uso.

"Keshero. Batri inakufa."

"Na Rombaut?"

"Land Cruiser yake inatumia mazutu, dizeli tupu."

Rombaut alikuwa mgeni mwenye tabasamu zuri na kazi mbaya. Huko kusini, upande wa Kalemie, kampuni moja ilikuwa imefungua mgodi wa makaa ya mawe, na leo saa nne kamili mashine zake za betri zingechomekwa kwenye chaja kwa mara ya kwanza, mita mia mbili chini ya ardhi. Injinia Généreuse alikaa Goma mwaka mzima akipanga vyumba vya kuchajia: kila chumba kwenye njia ya hewa safi, kila mlango wa chuma, mbali na pale gesi ya makaa inapojikusanya. Rombaut aliuiba mpango huo kabla haujatumwa, akatuma wa bandia wenye muhuri wa kughushi. Kwenye ule wa bandia, chumba cha kwanza kilihamishiwa njia ya hewa chafu, penye gesi. Wajenzi wakajenga walivyoona.

Cheche moja tu, na mgodi wote ungelipuka. Waliomtuma Rombaut wangeununua kwa bei ya kutupa.

Généreuse aligundua jana, akampigia simu directeur wa mgodi. Directeur akamjibu kwa heshima zote kwamba karatasi aliyo nayo yeye ina cachet, muhuri rasmi. Ya mama ingénieur iko wapi? Hapo pakawa mwisho wa maongezi. Bila cachet, hata malaika Gabrieli angeambiwa arudi Jumatatu.

Mpango wa kweli, wenye cachet nyekundu, ulikuwa ndani ya mkoba wa Rombaut. Alikuwa anawapelekea wakubwa wake kama ushahidi kwamba kazi imefanyika. Boti ilimsubiri ziwani.

Na dereva wa mashine ya kwanza aliitwa Modeste Mirindi.

Mdogo wake Akonkwa, tumbo moja.

Modeste hakujua kama ana kaka aliye hai. Miaka minane iliyopita Ofisi ilimzamisha Akonkwa kwenye ziwa Kivu, kwa karatasi tu, ili awe mtu asiye na watu. Mama yao Clotilde, pale Murara, humwombea misa kila mwezi wa sita. Mwaka mmoja Akonkwa aliiba nafasi kwenye benchi la nyuma, kofia imeshuka hadi puani. Alisifiwa mpaka mwenyewe akatamani angemjua huyo marehemu.

Asilimia sifuri.

Pikipiki ikasimama, kimya kama ilivyoahidiwa.

Kando ya barabara, Papa Igiraneza, mkulima wa Masisi, alikuwa amepumzisha chukudu yake, baiskeli ya mbao ya kusukuma, iliyojaa viazi. Akonkwa akamwomba aishushe mizigo.

"Ni kazi ya serikali, papa."

"Serikali haina moto yake?" mzee akauliza, akiitazama pikipiki.

"Iko nayo. Imekufa."

Igiraneza alicheka hadi akashika kiuno, lakini alifungua kamba. Akonkwa akaitupa kamba begani, akapiga goti juu ya ubao, akateremka kuelekea ziwani. Chukudu haina chaja, haina kioo cha namba. Ina mteremko.

Land Cruiser ilikuwa imekwama kwenye mawe ya volkano. Rombaut alishaanza kukimbia kwa miguu, mkoba mkono mmoja, Glock mkono mwingine.

Akafyatua risasi mbili.

Akonkwa akajirusha nyuma ya jiwe, Browning mkononi. Alipochungulia, Rombaut alikuwa ameruka ndani ya shimo pana na kuchuchumaa, kama alivyofundishwa: risasi zikianza, shuka chini.

Akonkwa hakumfuata.

Ndani ya shimo majani yalikuwa ya kahawia. Ndege mmoja alilala pale, mabawa wazi. Upepo hakuna. Kila mama wa Keshero huwakataza wanawe mashimo ya namna hiyo wakati hakuna upepo, kwa sababu ya mazuku: hewa nzito isiyo na rangi, inayotoka ardhini na kutulia humo kama maji ndani ya beseni.

"Toka umo, monsieur," Akonkwa alisema. "Hewa iko mubaya."

"Unadhani mimi ni mtoto?" Rombaut akajibu, kwa Kiswahili safi cha vitabuni.

"Mutoto wa hapa angekuwa ameshatoka."

Kikohozi. Kingine. Kisha kishindo cha mwili.

Saa tatu na dakika hamsini na moja.

Akonkwa alifunga ncha moja ya kamba ya viazi kwenye jiwe, nyingine kiunoni. Akajaza mapafu. Akashuka amesimama wima, kichwa juu, na alipolazimika kuinama alifumba macho na kubana pumzi. Kwanza mkoba. Kisha kola ya Rombaut. Akaivuta kamba hadi mikono ikachubuka, akamtupa juu kwenye hewa nzuri, ambako mgeni yule alitapika na kurudi duniani akiwa na pingu.

Picha moja ya mpango kwa simu, kwa Émérance. Tuma.

"Kuna cachet?" Émérance aliuliza.

"Iko. Na numéro yake."

Émérance akamtumia directeur picha hiyo, na zikapita dakika nne. Ndefu.

Kisha Émérance akafanya jambo ambalo sheria za Ofisi zinakataza. Aliunganisha laini ya mgodi. Sauti ya Modeste ikaingia sikioni mwa Akonkwa, nene kuliko alivyoikumbuka.

"Nimerudisha mashine nyuma, chef. Mbali kabisa. Lakini nilinyoa ndevu juu nipigwe photo ya sherehe, na sasa photo haiko."

Akonkwa akafungua mdomo.

"Unataka niache laini wazi?" Émérance aliuliza polepole.

Boti ilikuwa inaondoka ziwani bila abiria wake.

"Hapana. Funga."

Jeep ya Ofisi ilikuja ikamchukua Rombaut. Haikuwa na nafasi ya pikipiki. Akonkwa alirudisha chukudu kwa mwenyewe, akaisukuma pikipiki hadi kibanda cha Mama Munezero, anayechaji simu za mtaa mzima. Simu kama thelathini zililala juu ya ubao, kila moja na kikaratasi cha jina. Zililia moja baada ya nyingine, zikitafuta wenyewe.

Mama Munezero aliikagua pikipiki.

"Papa, hii téléphone yako ni kubwa."

"Inapiga mbali."

Akacheka, akachomeka, akachukua kalamu.

"Niandike jina gani?"

Akonkwa alikuwa na majina sita ya kazi. Yote yalimjia.

"Andika: kaka mukubwa ya Modeste."

Akaandika, bila kuuliza Modeste yupi, akakibandika kikaratasi kwenye usukani. Akonkwa akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akaingiza mikono mfukoni, akaondoka kwa miguu.