Mume wa Hajra Kwenye Picha ya Ngamia

Banda la video la Mtoro, pale Mapinga, lina joto la kuivisha maharage, na mchana ule watu walijazana mpaka inzi wakakosa pa kutua. Lakini lilinukia udi. Udi, kwenye makwapa ya watu mia tisa!

Mtoro alikuwa kaweka picha moja ya vita ya miaka ya sitini, ngamia na majambia, picha ambayo hata waliocheza wameshaisahau. Kashika maiki anatafsiri, na Kizungu hata cha kuombea maji hana. Maneno anatunga mwenyewe.

"Mwoneni askari huyo!" akapayuka. "Si Yunus huyo? Shemeji Hajra, mumeo katoroka na ngamia!"

Banda zima likaangua kicheko. Hajra, anayeuza kashata mlangoni, naye akacheka, maana kweli walifanana mpaka pengo. Kisha askari akavua kofia, akamvisha mwanamke aliyekaa hemani. Ilikuwa kofia aliyoidarizi Hajra mwenyewe, kwa sindano yake, na ua moja alilokosea rangi. Alimpa Yunus Idi iliyopita. Yunus akasema imempotea Chalinze.

Akaziacha kashata hapohapo akakimbia nyumbani, na kadiri alivyokimbia ndivyo ule udi ulivyomtangulia, na nyuma yake akasikia mnyama mkubwa anahema, akigeuka haoni kitu ila mchanga unabonyea, unyayo baada ya unyayo, unamfuata, mpaka akajitupa ndani na kumkuta Yunus kakaa kitandani, kijana vilevile kama kwenye picha ile ya zamani, hata jasho hana.

"Yule nani?" akanong'ona.

"Mke wangu."

"Na mimi je?"

"Wewe pia, mpenzi. Wewe mke mdogo."

"Nipe talaka yangu! Utoke kwenye nyumba aliyoniachia mama yangu, wewe na huyo jini mwenzio!"

 Yunus alikuwa katega sikio. Mlangoni ikasikika sauti ya kike, ya heshima kabisa:

"Hodi, wenyewe?"

Na Hajra, mtoto wa Bagamoyo mjini, aliyefundishwa adabu kabla ya kutambaa, ulimi ukamponyoka:

"Karibu."

Yunus akatabasamu.

"Ahsante, mke wangu. Mimi nilikuwa siwezi kumwingiza. Ilikuwa mpaka mwenye nyumba amkaribishe mwenyewe."