Namba Isiyokufa

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pembeni cha pikipiki ya Boxer. Ya pili ikapita karibu na sikio la Celina Mushumbusi, akaisikia ikivuma.

Hakupunguza mwendo.

Mbele yake Land Cruiser nyeupe ilikuwa inapasua soko la Muleba, matenga ya nyanya yakiruka huku na huku, kina mama wakikimbia na kulaani. Ndani yake walikuwamo wanaume wawili: Derick Kahigi, mtunza namba wa kituo kimoja cha utafiti wa migomba, na Lennart Voss, mzungu muuza dawa za mimea. Basi la Biharamulo likachomoza. Land Cruiser ikapenya. Celina akaishia mtaroni na pikipiki yake.

Akanyanyuka, akatema udongo. Simu ikatetemeka mfukoni.

"Kipanga, toa habari."

"Wametoroka, Mkuu."

"Keshokutwa asubuhi kamati inakaa. Kesho ufunguo uwe mkononi mwako. Ukishindwa, usirudi."

Simu ikakatwa.

Ufunguo wenyewe ulikuwa kidude cha YubiKey, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, cha kuchomeka kwenye kompyuta. Wajinga wangekitupa. Lakini kila makala ya utafiti hupewa namba ya kudumu. Tovuti ihame, kituo kifungwe, namba haifi: ukiibofya, inakupeleka kwenye makala yenyewe. Mtafiti naye ana namba yake, na kituo kina yake, na dunia nzima inaziamini bila kuuliza. Dkt. Evodia Mwijage, mtafiti wa kituo kile na mzaliwa wa kijiji cha Kashozi, alikuwa ameandika kwamba dawa ya Voss ya kutibu mnyauko wa migomba inaua figo za wakulima. Voss akamnunua Derick. Derick akachomeka ufunguo, akaielekeza namba ya makala ya Evodia kwenye makala ya kughushi, yenye jina la Evodia na namba yake ya mtafiti, inayosema dawa ni salama kabisa.

Evodia alipogundua, Derick alimwita ufukweni Bukoba wakazungumze. Voss alikuwa anamsubiri. Mwili ulielea asubuhi, watu wakasema amezama.

Sasa kamati ya kuidhinisha dawa ingeibofya ile namba, isome uongo, na sumu iingie kila kibanja, kila shamba la migomba la Kagera. Wenye huduma ya namba wako ng'ambo. Malalamiko kwao huchukua majuma. Aliyeweza kuirudisha upesi ni Derick peke yake, kwa ufunguo ule na namba ya siri iliyokuwa kichwani mwake.

Celina alizaliwa Nshamba, Uhayani, na alijua jambo ambalo Voss hakulijua. Mhaya anaweza kuiba, akaua, akasahau hata mlango wa kanisa. Mama yake akifa, atakuja. Asipoonekana kaburini, si mtoto tena, na kibanja si chake.

Kwa nini umkimbize mtu anayeweza kuja mwenyewe?

Jioni ile redio ikasoma tangazo: "Bi. Restituta Kokushubila wa Kashozi amefariki dunia ghafla. Mazishi ni kesho alasiri. Habari zimfikie mwanawe Derick, popote alipo."

Bi. Restituta alikuwa mzima, buheri wa afya. Alikuwa hotelini Bukoba, akila samaki na kusubiri miwani aliyoahidiwa na "madaktari wa macho" wa Idara ya usalama, waajiri wa Celina. Redio ya chumbani kwake ilikuwa imeondolewa mapema.

Kashozi ikalia. Majirani wakatandaza nyasi sebuleni, wakachimba kaburi katikati ya migomba. Waliambiwa maiti inakuja na gari. Celina akaketi kati ya kina mama, kanga kichwani, Glock 19 chini ya kitenge. Akalia nao. Alijua kulia, na machozi yake hayakuwa na maana yoyote.

Kifaa cha sikioni kikanong'ona. "Kipanga, gari limesimama karibu na kanisa. Wawili wanapitia migombani."

"Waacheni waje."

Derick akatokea, macho mekundu, shati limechomoka. Nyuma yake alikuwa Voss, mkono ndani ya koti. Hakutaka ufunguo uende mbali naye. Derick hakumtazama mtu. Alianguka ukingoni mwa kaburi.

"Mawe! Mawe, waitu!" akamlilia mama yake kwa Kihaya.

Celina akasimama. Voss akaona kitenge kikifunguka, akachomoa bastola.

Alichelewa.

Risasi ikampasua goti. Waombolezaji wakalala chini kwa mayowe. Celina akaipiga teke bastola, kisha akalikanyaga lile goti, taratibu, mpaka mzungu akazimia. Wanaume wa Idara wakatoka kwenye mibuni, wakamburuta.

"Ufunguo," akamwambia Derick.

Ulikuwa shingoni mwake, pamoja na rozari.

"Dada, nakuomba. Niache nimzike mama kwanza."

"Rudisha namba kwanza. La sivyo unaondoka na pingu sasa hivi, na mama yako atazikwa na majirani."

Moyoni hakuona huruma hata chembe. Akaweka kompyuta ya ThinkPad juu ya lundo la udongo mwekundu. Derick akachomeka ufunguo, akaandika huku kamasi zikimtiririka, akagusa kile kidude. Celina akaibofya namba mwenyewe. Makala ya Evodia ikafunguka, figo na vifo vyote vikiwa mahali pake.

Akamfunga Derick pingu.

"Mleteni," akasema kwenye kile kifaa cha sikioni.

Gari likaingia. Bi. Restituta akashuka na miwani mpya usoni. Kina mama wakapiga kelele, mmoja akaanguka. Derick akacheka na kulia kwa pamoja.

"Mawe! Kumbe u hai!"

Mama akaliona kaburi. "Nani amekufa?"

"Ni wewe, mama," Celina akajibu. "Nilikutangaza ili aje. Evodia Mwijage hakuzama. Mwanao ndiye aliyemfikisha kwa muuaji."

Bi. Restituta alikuwa amelala kwenye matanga ya Evodia, amemshika mama wa marehemu asijitupe kaburini. Akamgeukia mwanawe.

"Ni kweli?"

"Nilidhani watamtisha tu, Mawe."

"Na ulipojua wamemuua?"

Derick akainama.

Mama akavua miwani, akaifuta polepole kwa kanga, akaivaa tena. Akamtazama vizuri.

"Kaburi lililochimbwa haliachwi tupu," akawaambia wachimbaji. "Kateni mgomba."

Walielewa. Mtu asiyerudi, asiyepatikana hata mwili, huzikwa mgomba badala yake. Wakakata shina, wakalifunga sanda iliyokuwa imenunuliwa kwa ajili ya mama.

"Tunamzika nani?" mzee mmoja akauliza.

"Derick. Mwanangu wa pekee."

Akachota udongo, akautupa wa kwanza.

"Mawe! Niko hapa! Niangalie, niko hapa!"

Hakuna aliyegeuka. Kina mama wakaanza kulia upya, na safari hii aliyeliliwa alikuwa amepotea kweli.

Bi. Restituta akamsogelea Celina. "Na wewe mwisiki, binti uliyenililia nikiwa hai. Usikanyage hapa tena."

"Ndiyo, mama."

Iliuma. Celina hakujidanganya kwamba haikuuma. Akairudisha Glock kiunoni, akatembea hadi barabarani bila haraka. Simu ikatetemeka.

"Kipanga, tuna hasara yoyote?"

"Hakuna, Mkuu."

Akawasha Boxer na kushika njia ya Bukoba. Nyuma yake majembe yalikuwa bado yanafukia.