Banio la Tamlalt

Katika shule nyingine mwalimu hukagua mifuko, asije mtoto akaingia na jiwe. Shule ya Ighrem ilikuwa kinyume: mwaka ule, mtoto asiye na jiwe hakuingia darasani. Kila asubuhi watoto waliteremka mtoni, wakachagua mawe ya ukubwa wa boga dogo, wakapanda nayo kilima huku wakisukumana, na kuyakabidhi kwa mwalimu Basu. Naye aliyapokea kwa uangalifu kama mtu anayepokea mayai.

Uani walikuwa wanajenga ramani ya bonde lao, na ramani hiyo ilikuwa ya kukanyaga. Milima ya mawe na saruji ilimfika mtoto kiunoni. Bonde liliteremka kutoka hapo hadi mlangoni pa jiko la shule, na katikati ulipita mto, mtaro mwembamba ambamo maji ya kweli yangetiririka. Kila kijiji kilikuwa na vijumba vyake vya udongo na vishamba vyake. Mwalimu alisema kila hatua mia tano za bondeni zitakuwa unyayo wake mmoja pale uani, na kwa kuwa unyayo wake ulikuwa mkubwa kama mkate wa harusi, nafasi ilitosha vizuri.

Hatua hizo walizihesabu watoto wenyewe, kila mmoja kipande chake. Tuda, msichana wa miaka kumi na miwili, mwenye miguu mirefu na maneno marefu zaidi, alipewa kipande kigumu. Alitakiwa kuanzia kijiji cha Tizgi na kuhesabu hadi kwenye mabanio mawili, la Tizgi na la kijiji jirani cha Tamlalt. Banio ni pale mto unapokingwa kwa mawe ili maji yaingie mferejini na kwenda mashambani. Katika bonde lile mtu aweza kusahau umri wake, na wanawake wengi husahau kwa makusudi, lakini hakuna anayesahau nani hukinga maji kabla ya nani.

Tuda alikwenda siku ya Jumamosi, akafika Tizgi salama. Balaa ni kwamba Tizgi ndiko alikoishi shangazi yake Izza, na saa ile Izza alikuwa anatoa mikate tanurini, siagi mpya iko pembeni inang'aa. Tuda alihesabu hatua mia tatu hadi banio la Tizgi, akaliona kwa macho yake, akarudi kula. Kuhusu la Tamlalt, alilimaliza kwa akili huku akitafuna. Kijiji cha Tamlalt kiko chini ya Tizgi; basi na banio lake lazima liwe huko huko chini. Nani ataweka mlango wake nyumbani kwa mwenzake? Akaandika daftarini: hatua mia sita na kumi na saba chini ya Tizgi. Hiyo kumi na saba aliiongeza kwa ujanja, maana mia sita kamili ingetia shaka.

Jumatatu mwalimu Basu aliliinua daftari lile mbele ya darasa. Akawaambia wenzake wamtazame Tuda, mtoto asiyedondosha hata hatua saba njiani, na akamteua awe ndiye atakayemwaga maji siku ya kuzindua ramani. Tuda aliangalia vidole vyake vya miguu. Sifa ile ilimwasha kama shati la sufu.

Siku ya kuzindua, wazazi walijaa uani. Tuda akapanda mlimani na ndoo, akamimina polepole. Maji yakashuka mtoni, watu wakashangilia kuyaona yakipinda panapopinda mto wao. Yalipofika banio la Tizgi yakaingia mferejini, yakajaza vishamba vyote vya Tizgi. Kilichosalia kikateremka hadi banio la Tamlalt kama machozi ya mtu asiyesikitika sana.

Mwanamume mmoja wa Tizgi alicheka akasema kumbe hata saruji inajua haki. 

Mzee Hadu, msimamizi wa maji wa Tamlalt, alikuwa amesimama katikati ya bonde, viatu mkononi, kwa kuwa alivua ili asiichafue ramani. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mkeo ni wa wapi?"

Kila mtu alijua. Mke wa mwalimu ni wa Tizgi.

Mzee akaeleza bila kupaza sauti. Banio la Tamlalt liko juu, mbali kupita Tizgi, na mfereji wake hupita mlimani juu ya mapaa ya Tizgi. Kwa neno hilo babu zao walipigana hata wakachoka, ndipo wakapatana. Leo watoto wanafundishwa kwamba Tizgi ndiyo ya kwanza, na baada ya miaka ishirini watasema hivyo ndivyo walivyosoma shuleni. Watoto wa Tamlalt, akasema, hawataisoma ramani hii. Kuanzia kesho watabaki nyumbani.

Mwalimu Basu alimtazama Tuda mara moja tu. Daftari lilikuwa mfukoni mwake. Tuda aliona pembe yake ya buluu imechomoza. Mwalimu hakulitoa.

"Kosa ni langu," alisema. "Ni mimi niliyepaswa kukagua."

Mzee Hadu alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. Tuda aliona kwamba akinyamaza kidogo tu, atavaa na cha pili, na mwalimu atabaki na jina la mtu aliyewauzia wakwe zake maji.  Akaiweka ndoo chini.

"Babu Hadu, si mwalimu. Ni mimi niliyepima."

"Ulipima?"

"Nilipima mpaka banio la Tizgi. La kwenu sikufika, niliandika tu hatua mia sita na kumi na saba. Nilikuwa kwa shangazi nakula mkate."

"Na hiyo mia sita na kumi na saba?"

"Niliibuni."

"Mia sita naielewa. Kumi na saba ya nini?"

"Ili nisadikiwe, babu."

 Shangazi Izza alijifunika uso kwa shali. Mzee Hadu akamtazama Izza, kisha Tuda.

"Huo mkate ulikuwa na siagi?"

"Ulikuwa nayo."

"Mkate wa Izza nami nimewahi kuula," alisema mzee. "Lakini nilipomaliza, mto niliuacha pale pale."

Watu wakacheka, ila mzee hakulegeza neno lake. Watoto kumi na mmoja wa Tamlalt hawakuja shule wiki ile, na kila Tuda alipogeuka aliyaona madawati yao matupu. Wenzake wakambandika jina la Kumi na Saba. Alilivumilia. 

Ikaamuliwa Tuda apime upya mbele ya wazee, na Jumamosi mzee Hadu alimngojea njiani na fimbo yake. Alikuwapo pia mzee Moha, msimamizi wa maji wa Tizgi, aliyekuja kuhakikisha kwamba Tizgi haipunjwi hata hatua moja. Tuda alipanda kutoka Tizgi kati yao akihesabu kwa sauti, nao wakihesabu kwa tasbihi. Njia ilikuwa ya miamba. Juu ya mapaa ya Tizgi aliuona mfereji wa Tamlalt umebanwa kwenye jabali, mahali pengine umeshikiliwa na magogo tu, na maji yanapita humo kimya kimya. Walipofika banioni Tuda alipata hatua elfu moja mia mbili na arobaini. Hadu alipata thelathini na nane, Moha arobaini na tatu. Wazee wakabishana mpaka fimbo zikainuliwa, kisha wakakubaliana jambo moja tu: mtoto arudie. Akarudia. Jioni miguu yake ilikuwa imevimba kama maandazi.

Wiki iliyofuata Tuda alibomoa banio la uongo kwa patasi na nyundo, kila baada ya masomo. Saruji iliyokauka haina huruma. Malengelenge yalimtoka mikononi. Siku ya tatu alisikia nyundo nyingine ikigonga. Mwalimu Basu alikuwa amepiga magoti upande wa pili.  Pamoja walijenga banio jipya juu kabisa, na mfereji mwembamba ukipita juu ya vijumba vya Tizgi.

Jumatatu watoto kumi na mmoja walirudi, mzee Hadu akiwa mbele yao. Tuda akamimina ndoo. Maji yakagawanyika juu mlimani: mengine yakapita mferejini juu ya mapaa hadi Tamlalt, mengine yakashuka na kuingia Tizgi. Vishamba vya vijiji vyote viwili vikalowa. Mzee Hadu aliingiza kidole katika kimoja cha Tamlalt, akakilamba, kana kwamba anaonja mchuzi.

"Sikiliza, mjukuu wangu," akasema, na watoto wote wakasogea. "Mtu akisoma ramani, anaazima miguu ya aliyetembea. Hawezi kufika kila mahali, ndiyo maana anakuamini wewe. Umefika, andika. Hukufika, acha pabaki peupe, useme hukufika. Peupe hapamdhuru mtu. Uongo wako ulikaa siku chache tu, na tayari ulikuwa umeanza kumharibia mwalimu jina na kuyakausha mashamba yetu."

Tuda alisema amesikia. Akavua viatu, akashuka kwenye mto wa ramani na ufagio kuyafagia maji yaliyosalia, na watoto wawili wa Tamlalt wakaingia kumsaidia.