Wavu wa Akim Passar

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, siku ya pili ya msimu wa samoni, wavuvi waliuvuta wavu wa mzee Akim Passar kutoka mto Amur. Ulikuwa na samaki thelathini na mmoja, na Akim mwenyewe, kisogo kimepasuka.

Loo! Kijiji kizima kilipigwa na bumbuwazi. Kufikia saa tatu, Savva, mume wa binti yake aliyetoka mjini, alikuwa amefungiwa ghalani. Kasia lake lilikutwa na damu, na jana yake alitukanana na mzee mbele za watu. Saa sita boti ingempeleka gerezani mjini.

Inspekta Rimma Geiker, mzaliwa wa hapo hapo, alianzia ghalani.

"Kasia langu hulala ufukweni, yeyote hulichukua," Savva alisema. "Nilimtukana, ndiyo. Lakini kuua? Inspekta, mke wangu ana mimba!"

Rimma akaikagua mashua ya marehemu. Chini ya kiti palikuwa na bakuli la uji mzito wa uwele, limefungwa kitambaa, limejaa pomoni. Hapa hakuna anayeshusha wavu kabla ya kuulisha mto, yaani kuumwagia chakula ili utoe samaki, na Akim hakuwa mtu wa kuliruka hilo hata siku moja. Basi aliuawa kwanza, kisha mwingine akaushusha wavu, ionekane mzee alinaswa akazama.

Saa nne na nusu aliingia kwa Leonti, mdogo wa marehemu. Tasya, mke wa Savva, alikuwa hapo, macho yamemvimba kwa kulia.

"Alfajiri ulikuwa wapi, Mzee Leonti?"

"Kitandani. Mgongo unaniua. Mpelekeni huyo mtu wa mjini, tuzike kwa amani."

"Kweli, ni kazi ya mtu wa mjini," Rimma alisema taratibu. "Aliushusha wavu bila kuulisha mto. Samaki wakigeuka, mwaka huu sote tutalala njaa."

"Nani kasema haukulishwa?" Leonti alifoka.

"Bakuli la Akim limejaa."

"Achana na bakuli la Akim! Mto ulilishwa! Mkate wangu mwenyewe niliuvunja..."

Akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Baba mdogo?" Tasya aliita. Kikombe kilimponyoka.

Maneno yakamtoka Leonti moja moja. Akim alimfumania akimpasua kaluga, yule samaki mkubwa asiyeruhusiwa kuvuliwa, ili atoe mayai ya kuuza. Akaapa kumtaja mbele ya wavuvi wote, anyang'anywe kibali cha kuvua. Kasia la Savva lilikuwa karibu.

"Niliogopa," alilia. "Bila mto mimi ni nani?"

"Damu ya baba iko mikononi mwako," Tasya alisema, "na bado ukakumbuka kuulisha mto?"

"Nilikumbuka, mwanangu."

"Na baba je? Ulipomtia wavuni alikuwa ameshakufa?"

Leonti aliinamisha kichwa, akamnyooshea Rimma mikono afungwe pingu.