Ufa Kwenye Kioo cha Bi Providencia

Kila alasiri Odalys alitoka shule akapita Mtaa wa Comercio, na kila alasiri alivuka upande wa pili kabla hajalifikia duka la vitambaa la marehemu Bi Providencia. Watu wote walivuka hapo. Nusu ya maduka ya mtaa ule yalikuwa yamefungwa tangu wanunuzi walipohamia maduka makubwa ya barabara kuu, lakini ni hili tu lililosemekana kuwa mwenyewe bado yumo ndani.

Kioo chake kilikuwa na ufa mrefu. Nyuma ya kioo lilisimama sanamu la kuvalishia nguo, halina mikono wala kichwa. Mlangoni majirani waliweka bilauri ya maji, ili roho ya marehemu isione kiu.

Odalys alikuwa na miaka kumi na miwili, na maneno yale aliyaanzisha yeye. Mwaka uliopita mpira wake uligonga kioo. Alipoona watu wanakuja, alisema, "Bi Providencia amekipiga kwa ndani. Nimemwona." Kufikia jioni, watu wengine watatu walikuwa wamemwona pia.

Kisha manispaa ikatangaza kwamba maduka matupu yatatolewa miezi sita bila kodi kwa yeyote atakayeyafungua kila siku. Asiyepata wateja atarudisha ufunguo. Iraida, mama yake Odalys, alikuwa akishona sare za shule katika chumba walicholala. Akaomba duka, akapewa lile lile ambalo wengine walilikataa.

Alisugua sakafu, akapaka rangi, akalivalisha sanamu sare mpya. Miezi mitano ikapita bila mteja kukanyaga ndani. "Ningeingia, mwenzangu," mwanamke mmoja alimwambia kutoka barabarani, "lakini miguu inakataa."

Odalys alimsaidia mama yake kushona vifungo baada ya shule. Ajabu ni kwamba naye aliogopa. Alijua fika hakuona kitu, lakini jua lilipoinama, kivuli cha ufa kilitambaa sakafuni hadi kwenye kiti chake. Siku moja alisikia mkasi ukijifunga mezani, na hapakuwa na mtu. Uongo wake ulikuwa umehamia humo kuishi naye.

Mwezi wa mwisho, Bi Eufemia, kiongozi wa rozari mtaani, akaamua kusaidia. Marehemu husaliwa jioni tisa; pengine Providencia alisaliwa harakaharaka. Wanawake wakaja na viti vyao, wakasali nje. Kila jioni Iraida aliwapelekea kahawa na biskuti za jibini palepale njiani, na hakuna aliyevuka kizingiti.

Jioni ya tisa Bi Eufemia aliuliza kwa huzuni, "Providencia, tulikukosea nini hata ukavunja kioo chako mwenyewe?"

Odalys akamtazama mama yake. Ufunguo ulitakiwa kurudishwa Ijumaa. Mama alishika birika la kahawa, machozi yakimtoka kimyakimya.

"Si yeye," Odalys akasema. "Ni mimi, kwa mpira. Sikumwona mtu."

"Mbona mimi nilimwona?" mwanamke mmoja akauliza kwa sauti ndogo.

Bi Eufemia akaikunja rozari yake. "Jioni tisa nimepiga magoti, mtoto wewe, na magoti haya yana miaka sabini na moja." Akainuka, akabeba kiti chake, akavuka kizingiti na kukiweka kando ya cherehani. "Iraida, mjukuu wangu anataka sare mbili. Na nyie huko nje, mmeota mizizi?"

Wakaingia mmoja mmoja, wakipapasa kuta. Ijumaa ile ufunguo haukurudishwa.

Wageni walipoondoka, Iraida alimkalisha binti yake. "Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako imekuwa ndefu, mwanangu, na imepita juu ya mgongo wangu. Marehemu aliufungua mlango huu miaka arobaini. Walioufunga ni walio hai, kwa neno moja la uongo. Ukikosea, sema siku ile ile, kabla watu hawajaanza kuliogopa kosa lako. Kioo kitabaki na ufa wake, ukione kila unaposhona."

Odalys akaiokota bilauri mlangoni, akamwaga maji barabarani. "Nisamehe, Bi Providencia," akasema kwa sauti. Kama marehemu hakuwemo, Odalys alikuwa amemsingizia. Na kama alikuwemo, amesikia.