Kadi Ndefu Kuliko Kasha

Kwaru! Kwaru! Kwaru!

Sauti ilitoka chumba cha nyuma, ikapita koridoni, ikafika sebuleni ambako mama alikuwa akishona sare za shule. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kama kawaida ya Jumamosi, mama alikuwa kwenye cherehani, na mwanawe mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Profesa, alikuwa kando yake akikaza vifungo.

Mama aliondoa mguu kwenye kanyagio, akatega sikio.

"Hao ni panya?"

"Panya gani anatafuna bati, mama?" Profesa alijibu. Kisha akashtuka mwenyewe kwa neno lake. "Bati! Mama, kompyuta yetu!"

Alikimbia, shati lenye sindano likiwa bado mkononi. Chumbani alimkuta mdogo wake, Cheche, msichana wa miaka kumi na mitatu, amepiga magoti sakafuni. Mkononi alikuwa na msumeno wa chuma wa jirani yao, fundi bomba. Mbele yake palikuwa na kasha la kompyuta, na alikuwa amekwisha kukata nusu ya rafu ya ndani.

"Cheche! Unafanya nini?"

"Nakata."

"Naona unakata! Kwa nini unakata?"

"Kadi haiingii," alisema Cheche, kama vile kila mtu duniani anajua kwamba mgeni akiwa mrefu, unapasua dari.

Watoto hawa walikuwa wakiunda kompyuta ya kuchezea michezo. Ile inayouzwa ikiwa tayari ilikuwa juu ya uwezo wao, kwa hiyo walinunua kipande kimoja kimoja, kwa malipo ya kukaza vifungo, kupiga pasi na kuwapelekea wateja wa mama nguo zao. Walianza mwaka ulipoanza. Sasa ilikuwa likizo, na likizo ikiisha, Profesa angekwenda shule ya bweni, mbali, asirudi mpaka mwisho wa muhula.

Cheche alitaka jambo moja tu: acheze na kaka yake kwenye mashine waliyoiunda kwa mikono yao, kabla kaka hajaondoka. Lakini hakumwambia mtu. Mwenye kiburi hasemi, "Nitakukumbuka." Husema, "Harakisha basi!"

Profesa naye hakuharakishwa na mtu. Alisoma kila kitu kuhusu kila kipande, na akimaliza kusoma, alisema tusubiri. Walipotaka kununua vipande viwili vya kumbukumbu, vile vinavyoisaidia kompyuta kufanya kazi nyingi kwa pamoja, alisema, "Tusubiri, bei itashuka." Wakasubiri. Bei ikapanda. Wakanunua kimoja tu, kidogo, kwa bei ya kuumiza roho.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo!" Cheche alimpigia kelele siku hiyo.

"Haraka haraka haina baraka," Profesa alijibu taratibu, na utaratibu huo ndio uliomchoma Cheche kuliko maneno yenyewe.

Tangu hapo methali hizo mbili zilipigana nyumbani asubuhi, mchana na jioni, mpaka mama akasema atakayezitaja tena mezani atakula amesimama.

Siku moja kabla ya msumeno, duka la vifaa vya kompyuta lilikuwa na ofa. Cheche alichukua fedha zote zilizobaki, hakumwambia mtu, akarudi na kadi ya picha. Kadi ya picha ndiyo inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini, na hii ilikuwa na feni tatu, nzito kama tofali. Boksi lake lilikuwa na simba mwenye macho ya moto. Cheche alimtazama simba, akatazama bei, akalipa. Kasha hakulifikiria hata kidogo.

"Umekata bodi mama ikiwa ndani?" Profesa alishika kichwa. Bodi mama ndiyo ubao mkubwa ambao vipande vyote huchomekwa. "Chembe za bati zimeanguka juu yake! Tukiwasha hivi, umeme utapita pasipopaswa, na kila kitu kitaungua!"

"Si useme tu tupanguse!"

"Tupanguse? Tuokote moja moja!"

Waliokota moja moja. Walitumia brashi laini, wakapuliza, wakamulika na tochi, wakagombana, wakamulika tena. Mgongo uliwauma. Kadi hatimaye iliingia, ikakaa kashani kama mtu mnene kwenye kiti cha mtoto. Kisha Profesa akainama kuichungulia kadi ubavuni.

"Nini tena?" aliuliza Cheche.

"Kadi ina matundu mawili ya kuingiza umeme. Sisi tuna waya mmoja."

"Chomeka huo huo!"

"Haitatosha."

"Chomeka, kaka, tafadhali, kabla sijalia!"

Alichomeka. Feni zilizunguka kidogo, zikapumua, zikazima. Kimya. Cheche aliurusha msumeno kitandani.

Mama alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

"Mtoto wa fundi cherehani," alisema polepole, na polepole ya mama haikuwa dalili njema. "Umezaliwa humu ndani, umekulia chini ya meza ya kupimia. Lini uliniona nikishona suruali ya mtu kabla sijampima? Wewe umenunua nguo bila kumpima mvaaji, ilipombana ukaamua kumkata mvaaji!"

Profesa alicheka.

"Na wewe usicheke! Wewe unampima mvaaji mpaka anazeeka. Mwili unabadilika, wewe bado unapima! Nyanyukeni. Fungeni hiyo kadi, mwende wote wawili dukani mkaseme ukweli. Nisione mmoja mbele na mwingine nyuma."

Mwenye duka aliitwa Bosi, na jina hilo alijipa mwenyewe. Ukutani kwake palikuwa na maandishi makubwa: KILICHOUZWA KWA OFA HAKIRUDI. Profesa aliyasoma, akainama kwenye sikio la dada yake.

"Mwambie hatujaichomeka."

Bosi alilipindua boksi mikononi. "Simba amerudi mapema. Mmemchomeka?"

Profesa alifungua kinywa, lakini Cheche alimtangulia. "Tumeichomeka. Ikazima. Na kabla ya hapo nilikata kasha kwa msumeno ili iingie."

"Ulikata nini?"

"Kasha."

"Kwa msumeno?"

"Wa fundi bomba."

Bosi alicheka mpaka akashika kaunta. Alipomaliza, alijifuta macho. "Binti, wewe unanifaa. Kila siku watu wananiletea vitu vilivyoungua, wananiapia hawajavigusa, na mimi nanusa moshi! Mimi ni bingwa wa kazi hii, lakini hakuna anayeniuliza kabla. Wote wananiuliza baada." Alichukua kadi, akaichomeka kwenye mashine yake mwenyewe. Picha ikatokea, safi. "Nzima. Skrini yenu ikoje?"

"Ndogo. Ya zamani," alisema Profesa. "Tulipewa na shangazi."

"Sasa kadi hii ilikuwa ichore nini kwenye skrini hiyo? Mmefunga injini ya lori kwenye baiskeli. Fedha sirudishi, maandishi yale mmeyaona. Lakini kwa kuwa mmesema kweli, nitawabadilishia. Kuna kadi fupi hapa, imetumika kidogo, inataka waya mmoja tu, na itaiendesha michezo yenu. Kwa tofauti ya bei nawapa kipande cha pili cha kumbukumbu, maana najua mlinunua kimoja tu."

Cheche aliona mwanga. Ndipo Profesa akakohoa.

"Bosi, nimesoma kwamba mwezi ujao kutatoka kadi mpya. Za sasa zitashuka bei. Labda tungesubiri..."

"Mwezi ujao hutakuwepo!"

Duka zima liligeuka. Cheche alikuwa amesema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, na sasa machozi yalikuwa yamemtangulia.

"Utakuwa bwenini," aliendelea. "Nitacheza na nani? Na hiyo bei iliyoshuka? Ulidhani napenda michezo kiasi cha kukata bati?"

Profesa alitazama viatu vyake. "Kwa nini hukusema?"

"Kwa nini hukuona?"

Bosi alijifanya anapanga nyaya.

"Nilikuwa naogopa," Profesa alisema mwishowe. "Nusu ya fedha ile ni jasho lako. Nilijiambia nikinunua kitu kibaya, utanichukia. Nikawa nasoma, nasubiri, ili nisikosee. Kumbe kila nilivyosubiri ndivyo nilivyokosea." Akaigeukia kaunta. "Tubadilishie, Bosi. Leo hii."

"Ipimeni kwanza," alisema Bosi, akawasukumia rula.

Walipima, wakalinganisha na urefu wa kasha ambao Profesa aliujua kwa kichwa. Wakapima tena. Profesa alitaka kupima mara ya tatu, Cheche akamnyang'anya rula.

Nyumbani walitoa kila kitu ndani ya kasha. Profesa alilainisha kwa tupa ukingo uliokatwa, uliokuwa na meno kama mamba, na safari hii bodi mama ilikuwa juu ya meza, mbali na chembe za bati. Cheche ndiye aliyeichomeka kadi. Iliingia bila ubishi, ikalia "tik". Alasiri, mama akiwa amesimama nyuma yao, Profesa alibonyeza kitufe. Feni zilizunguka. Hazikuzima. Skrini ya shangazi ikawaka.

Walipiga kelele hata fundi bomba akaja kuuliza kama msumeno wake umemkata mtu.

Mama alivuta kiti akaketi katikati yao.

"Nisikilizeni, kisha mcheze. Zile methali zenu zote mbili ni za kweli. Kosa lenu ni kuzigeuza fimbo za kupigana. Haraka ni nzuri kwa mtu aliyekwisha kupima. Kusubiri nako ni kuzuri, ikiwa unajua unasubiri nini na mpaka lini. Kusubiri kusiko na mwisho ni woga uliovaa miwani." Profesa aliigusa miwani yake bila kujua. "Na wewe, mama yangu," alimshika Cheche kidevu, "fedha za wawili haziamuliwi na mmoja. Likikuuma jambo, liseme. Msumeno hauna mdomo. Leo dukani uliusema ukweli mara mbili, na mara zote mbili mambo yakanyooka. Mmeliona hilo?"

"Tumeliona, mama," walijibu pamoja, na ilikuwa mara yao ya kwanza kusema neno moja tangu mwaka uanze.

Walicheza mpaka jua likapungua dirishani. Cheche alishinda, akashindwa, akadai kaka ameiba mchezo, akashinda tena. Kisha akaiweka chini panya ya kompyuta na kumgeukia.

"Kaka, nakuahidi, mama akiwa shahidi. Ukiwa bwenini, sitanunua hata msumari wa mashine hii bila kukuuliza. Nitapima, nitakupigia simu, nitakupa siku moja ya kufikiri."

"Wiki."

"Siku moja!"

"Siku tatu, Cheche. Nina masomo."

Cheche alimtazama kwa hasira, kisha akamnyooshea mkono.

"Haya, siku tatu. Nitakungoja siku tatu nzima na sitalalamika. Naahidi."